Manyuali sio ndevu, kaka zangu

Najua niliahidi kumalizia ile habari ya mikopo, itasubiri. Leo kuna jambo limenikaa kooni na nisipolitoa hapa nitalitolea kwenye jibu la mtihani, halafu nipewe sifuri bure.

Ni hivi. Hapa chuoni kuna kabila zima la kaka zetu wapenda magari ya spidi. Wengi wao gari hawana (mimi pia sina, tuelewane), ila picha wanazo, video wanazo, na msimamo wanao: gari ya spidi lazima iwe manyuali, gia za mkono na pedeli tatu. Auto, kwa maneno yao, ni "gari ya akina mama na wazee". Ukikaa vimbwetani jioni utawasikia, huna haja ya kuwasogelea. Na sababu zao ni mbili tu: eti manyuali inakimbia zaidi, na eti manyuali ndiyo kipimo cha mwanaume.

Zote mbili ni uongo. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi nazipenda gia za mkono, nazipenda kuliko wengi wao, na naona wanavyozichimbia kaburi huku wakiimba kwamba wanaziokoa.

Tuanze na spidi maana hii ina namba. Chukua Porsche 911 GT3 iliyotoka 2017. Gari ile ile, injini ile ile ya lita 4.0, nguvu za farasi 500. Mteja alichagua mwenyewe, PDK, yaani giaboksi ya klachi mbili inayojibadilisha, au gia sita za mkono. Kwa namba za Porsche wenyewe, ya PDK inatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.4. Ya mkono, 3.9. Nusu sekunde jamani! Huko kwenye mbio nusu sekunde ni safari ya kwenda Kibaha na kurudi. Mtetezi mmoja alinirukia kwamba ya mkono mwisho wake ni 320 na ya PDK ni 318. Ni kweli kabisa. Hizo kilomita mbili utazitumia wapi kaka, Kimara Mwisho saa kumi na mbili jioni?

Sababu wala sio uchawi. Giaboksi ya aina hiyo ina klachi mbili, moja inashika gia za namba witiri, 1, 3, 5, nyingine inashika shufwa. Ukiwa gia ya tatu, ya nne tayari imeshawekwa upande wa pili inasubiri. Kubadilisha ni klachi moja kuachia na nyingine kushika kwa wakati mmoja, nguvu haikatiki kwenye matairi. Wewe kwa mguu wako wa kushoto lazima ukate nguvu, usogeze mkono, uunganishe tena. Hata uwe bingwa wa dunia, hapo katikati gari inaserereka tu bila kusukumwa. Porsche walikuwa wanaijaribu PDK kwenye magari yao ya mbio tangu miaka ya 1980, sio habari ya jana.

Na kwenye langalanga kesi iliisha zamani zaidi ya umri wetu. Mwaka 1989 Ferrari walileta gari iliyobuniwa na John Barnard, gia zake zinabadilishwa kwa vibao viwili nyuma ya usukani. Watu walicheka kwamba haitamaliza hata mashindano. Nigel Mansell akaenda nayo Brazil, mashindano ya kwanza kabisa ya gari hiyo, akashinda. Ndani ya miaka michache timu zote zikawa zimehamia huko. Kwa hiyo mtu anayeniambia mwaka huu wa leo kwamba manyuali ni ya "madereva wa ukweli" aende kwanza akawaambie wa langalanga kwamba wao ni wa uongo.

Halafu hili nalipenda sana. Chevrolet Corvette, gari ya spidi ambayo Wamarekani wanaiona kama bendera yao. Ya kizazi cha nane ilipotoka 2019 bila gia za mkono, watu walilia kama msiba, eti urithi umesalitiwa. Urithi gani? Corvette ya kwanza kabisa, ya mwaka 1953, ilikuwa auto. Auto ya gia mbili! Gia za mkono zilikuja 1955. Mtoto alizaliwa auto, akasomeshwa manyuali, akazeeka akarudi auto. Na hiyo "manyuali halisi" mnayoitetea nayo ina msaada ndani yake. Zamani dereva alikanyaga klachi mara mbili kwa kila gia na kukisia mwendo wa injini, akikosea meno yanalia barabara nzima isikie. Cadillac walileta sinkromeshi 1928 ili mashine ilinganishe huo mwendo yenyewe. Nina hakika kuna babu wa wakati ule alisema "hiyo ni ya akina mama".

Ambapo tunafika kwenye hilo la akina mama.

Nilipokwenda kujifunza gari, mwalimu aliniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu akasema, "Wewe dada jifunze auto tu, klachi itakusumbua." Sikuwa hata nimeshika usukani. Kaka niliyeandikishwa naye siku moja, ambaye alikuwa hajui breki ni ipi, akapelekwa moja kwa moja kwenye manyuali. Nilikataa, tukabishana, nikalipa hela ile ile na nikajifunza ile ile. Gari ilizima mara nyingi, kama ilivyomzimikia na yeye. Wiki ya pili wote tulikuwa tunapanda kilima.

Sasa mimi nasomea ualimu, na tulisoma mwaka wa pili kwamba Fitts na Posner walieleza tangu 1967 jinsi mtu anavyojifunza ujuzi wa mwili, hatua tatu. Kwanza unafikiria kila kitu, mguu huu, mkono ule. Halafu vipande vinaanza kuungana, makosa yanapungua. Mwisho mwili unafanya wenyewe na akili inabaki huru kuangalia barabara. Hakuna mahali walipoandika kwamba hatua ya pili inahitaji ndevu! Klachi ni mazoezi. Ukimnyima mtu mazoezi halafu ukasema "unaona, hawawezi", hapo hujagundua kitu, umekitengeneza mwenyewe. Sisi tunaokwenda kushika chaki tunaujua mchezo huo vizuri, ndio ule ule wa "wasichana na hesabu".

Mkitaka majina, haya. Michèle Mouton, Mfaransa, alishinda raundi nne za ubingwa wa dunia wa rali kati ya 1981 na 1982 kwenye Audi Quattro, gari ya pedeli tatu, kwenye vumbi na mawe, na mwaka 1982 alimaliza wa pili duniani. Sabine Schmitz, Mjerumani, alishinda mbio za saa 24 za Nürburgring 1996 na tena 1997. Mwaka 2005 alichukua Ford Transit, gari ya kubebea mizigo, ya dizeli, akaizungusha Nürburgring yote kwa dakika 10 na sekunde 8 mbele ya kamera, akiwapita wenye magari ya maana. Alifariki 2021. Nawaomba kaka zangu mumtafute kabla hamjafungua mdomo tena.

Na kama manyuali ndiyo uanaume, mbona hamumsujudii dereva wa daladala? Yule wa Hiace anakanyaga klachi foleni nzima ya Mbagala, kutwa, goti limeota sugu. Hakuna anayempiga picha. Mnamwita "suka" na kumgombeza kwa chenji. Kumbe sio klachi mnayoiheshimu, mnaheshimu bei ya gari iliyoizunguka.

Sasa nakuja kwenye kaburi lenyewe. Nani anaua gia za mkono? Wao wanasema ni viwanda, ni kompyuta, ni magari ya umeme. Sawa, vina mchango. Lakini angalia BMW M5. Ile ya katikati ya miaka ya 2000 ilitoka na giaboksi ya kujibadilisha ya gia saba tu. Wapenzi wa Marekani wakapiga kelele mpaka BMW wakakubali, wakawatengenezea ya gia sita za mkono kwa ajili ya soko la huko. Kizazi kilichofuata, cha 2011, wakawapa tena. Walioiagiza wakawa wachache. Kizazi cha 2017 kilipokuja, manyuali haikuwepo na hakuna aliyeshangaa. Waliopiga kelele walikuwa wengi, waliotoa hela walihesabika. Na Ferrari ni hivyo hivyo. 458 ya mwaka 2009 ilitoka bila gia ya mkono, maana miaka iliyotangulia wateja wao wenyewe walikuwa wanachagua vibao. Leo hao hao wanakimbizana minadani kutafuta Ferrari chache za mwisho za mkono kwa bei ya kutisha.

Hapo ndipo panaponikera kuliko pote. Mwaka 2013 Porsche walitoa GT3 ya PDK peke yake, kelele zikapigwa. 2016 wakatoa 911 R ya gia za mkono, magari 991 tu duniani, yakaisha mara moja na yakaanza kuuzwa mkononi kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya kiwandani. Wengi waliyafungia gereji, wasije wakayaongezea kilomita. Yaani gari iliyotengenezwa ili mtu aguse gia kwa mkono wake, haiguswi na mtu! Ukishaifanya manyuali kuwa nishani, mwenye hela atainunua kama nishani na kuitundika ukutani.

Wakati huo huo njia nyingine ipo na imeonekana. Toyota Supra ilirudi 2019 ikiwa auto tu, watu wakaomba, na 2022 Toyota wakatangaza ya gia sita za mkono. GR Yaris ilianza 2020 ikiwa na gia za mkono, 2024 wakaongeza auto ya gia nane, ya mkono ikabaki. Hakuna aliyekufa. Mwenye mguu mmoja, mwenye foleni ya saa mbili, mwenye kutaka tu sekunde zake, anachukua auto na anafurahia gari ile ile. Mimi nachukua ya mkono. Kwa nini furaha yake inipunguzie yangu?

Maana ukiniuliza kwa nini naitaka, sitakutajia spidi. Nitakutajia kushusha gia kabla ya kona, vidole vya mguu viko kwenye breki, ubavu wa mguu unagusa mafuta kidogo ili injini ipande ifanane na gia inayokuja, unaachia klachi na gari haishtuki hata kidogo. Hakuna aliyekuona. Hakuna namba iliyoboreka. Ila umefanya wewe, na kesho ukikosea utajua umekosea wewe. Hiyo ndiyo sababu pekee iliyobaki, na inatosha. Haihitaji kusingizia saa ya mbio wala kumtukana mama wa mtu.

Na tukubali muda hautusubiri. Magari mengi ya umeme hayana gia za kubadilisha kabisa. Hyundai walitoa Ioniq 5 N mwaka 2023, ina kitu kinaigiza gia, gari inashtuka kidogo na spika zinatoa sauti ya injini isiyokuwepo. Kaka zetu wanaicheka. Mimi nikaiangalia nikawaza, hawa Wakorea wameelewa kitu ambacho vimbwetani hawajakielewa, kwamba watu hawakuwa wanatafuta sekunde, walikuwa wanatafuta cha kufanya. Ila ni kuigiza, hata ukikosea hakuna meno yatakayolia, na mimi naitaka ile inayolia.

Kwa hiyo wenye Altezza. Nawajua wawili hapa chuoni, wote ni wahubiri wa manyuali, wote gari zao ni auto, meli imezileta hivyo hivyo kutoka Japani. RS200 ya gia sita za mkono ipo tangu 1998, ni kuitafuta tu. Uzeni hizo, mkanunue hiyo. Mkishaipata nawaomba zamu moja, mafuta nitaweka mimi bumu likitoka, na yeyote atakayesema klachi itanisumbua akae kiti cha nyuma, afunge mkanda.