Mieleka ya Japani: mkanda hautolewi ovyo

Kila nikitaja mieleka ofisini naambiwa, "Wewe, hayo si ni maigizo tu?" Ndiyo jamani, mshindi hupangwa. Na gemu unayocheza usiku kucha nayo iliandikwa na mtu. Mbona unatokwa na jasho?

Mimi ni mpenzi wa New Japan Pro-Wrestling. Tarehe 4 Januari 2017, pale Tokyo Dome, Kazuchika Okada alitetea mkanda wa IWGP wa uzani mzito dhidi ya Kenny Omega, Mkanada. Dakika 46 na sekunde 45! Omega akashindwa. Juni mwaka huohuo wakapigania mkanda tena, Osaka: dakika 60, sare. Omega aliuchukua tarehe 9 Juni 2018, Okada akiwa amekaa nao siku 720.

Maoni yangu ni haya: waandalizi wangeweza kumpa Omega mkanda siku ile ya kwanza. Watu wangeshangilia, kisha wasahau. Badala yake walitungojesha miezi 17, na ndiyo maana ule ushindi ulitutoa machozi. Kupanga matokeo ni rahisi. Kazi ni kumfanya mtu ayatamani. Au wewe waonaje?