Mwenye Pumu Asipuuze Pua Yake



Mwezi huu sitasema juu ya mbegu wala mbolea. Nitasema juu ya pua. Mkulima asiyeweza kupumua vizuri hawezi kushika jembe.

Hapa Mbalibali tunalima mahindi, mtama na ulezi. Wakati wa kupura na kupepeta, vumbi hujaa uwanjani. Jikoni nako kuna moshi wa kuni. Vyote hivyo huudhi pua na kifua cha mwenye pumu.

Watu wengi wenye pumu wana ugonjwa wa pua pia. Hupiga chafya, huwashwa pua, na kamasi huwatoka kila siku. Husema, "Ni mafua tu." Lakini mafua ya kawaida huisha kwa wiki moja au mbili. Yasiyokwisha yana sababu nyingine.

Vyumba vya hewa usoni

Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vyenye hewa. Waganga huviita sainasi. Vipo juu ya macho, kati ya macho, mashavuni, na nyuma ya pua. Kila chumba kina mlango mdogo unaofunguka puani. Ngozi laini ya ndani ikivimba, mlango huziba. Kamasi hukwama, kama maji katika mfereji ulioziba. Kichwa huwa kizito, uso huuma, na mtu hasikii harufu ya chakula.

Wengine huota vinyama laini ndani ya pua. Vinyama hivyo huziba njia ya hewa.

Pua na mapafu ni njia moja. Pua ikiachwa bila matibabu, pumu nayo ni vigumu kuitawala.

Hatari ya aspirini

Kichwa kikiuma, wengi hukimbilia dukani kununua aspirini. Wapo wenye pumu ambao aspirini huwaletea shida kubwa. Kwa muda mfupi tu pua huziba, kifua hubana, na mtu huweza kufa. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa wenye pumu na vinyama puani. Mwaka 1922, daktari Fernand Widal wa Ufaransa na wenzake waliandika habari za mgonjwa wa namna hiyo. Dawa za ibuprofeni na diklofenaki huweza kuleta shida ileile.

Kwa hiyo, mwenye pumu asinunue dawa ya maumivu kabla ya kumwuliza mganga wa zahanati.

Fanya hivi

1. Unapopepeta, simama upande upepo unakotoka. Funga kitambaa puani na mdomoni.
2. Jiko liwe na dirisha, au pika nje. Mwenye pumu asikae kwenye moshi.
3. Usivute sigara. Usinuse ugoro ili kuzibua pua.
4. Osha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Weka nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kikubwa.
5. Tumia dawa ya pumu kama ulivyoagizwa. Usiiache kwa sababu umepata nafuu.
6. Pua ikisumbua zaidi ya wiki 12, nenda zahanati. Mganga akiona haja, atakupeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo. Madaktari hao wapo Bugando, Mwanza. Huko huweza kupiga picha ya vyumba hivyo na kuona kilichoziba.

Jicho likivimba, macho yasipoona vizuri, au mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, usingoje. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitufundisha kukutana, kusoma na kutenda pamoja. Someni ukurasa huu pamoja, kisha mjibu.

Maswali

1. Kwa nini kamasi hukwama usoni?
2. Kwa nini mwenye pumu asinunue aspirini ovyo?
3. Katika nyumba yako, moshi hutokea wapi?