Kisanamu Bila Wimbo

Sikubaliani na wasemao kwamba makumbusho yameziokoa sanaa zetu. Hapa Mazinde, chini ya milima ya Usambara, tunajua kuwa kisanamu cha udongo cha unyagoni ni nusu tu ya kitu. Nusu ya pili ni wimbo wake, na fumbo ambalo kungwi humfumbulia mwali.

Hans Cory, Mwaustria aliyeitumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alilitambua hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya visanamu hivyo, vikiwamo vya Wasambaa na Wazigua, aliandika na nyimbo zake. Lakini katika jumba moja la makumbusho nililoingia nilikuta kisanamu nyuma ya kioo, na kikaratasi: "Udongo. Wazigua." Basi! Jina la aliyekikusanya lipo, la aliyekifinyanga halipo.

Wataniambia mambo ya unyago ni siri. Sawa, siri na iheshimiwe. Ila tangu lini jina la mfinyanzi likawa siri?

Makungwi wazee wangalipo vijijini. Gari la makumbusho likija tena huku, lisilete masanduku matupu. Lilete daftari.