Maisha Si Cheti Tu

Wanafunzi wenzangu, hebu niwaulize: tunaishi kwa ajili ya nini? Wengi mtajibu upesi, "Kupita mtihani!" Mimi pia nilikuwa hivyo. Muhula uliopita nilipopata D ya hesabu, nilijifunika blanketi bwenini nikaona maisha yamekwisha. Jamani, mtu mzima kulizwa na alama moja!

Siku hizo ndipo niliposoma habari za mmishenari Johann Ludwig Krapf. Alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka uo huo akamzika mkewe na binti yao mchanga. Hakufunga virago. Mwenzake Rebmann, aliyemfuata mwaka wa 1846, alikaa miaka 29, akapofuka, na waliobatizwa wakawa wachache mno. Kwa hesabu ya dunia, hao walifeli. Lakini hawakuishi kwa matokeo. Waliishi kwa ajili ya Kristo. Hata kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka mwaka wa 1882, yeye akiwa kaburini tayari.

Sisemi tuache vitabu tukeshe katika maombi tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hesabu ningali nazifanya kila jioni. Nasema hivi: ukimpa Mungu moyo wako kwanza, cheti huwa chombo cha kuwatumikia wengine, si kipimo cha utu wako. Alama hubadilika kila muhula, Mungu habadiliki. Nami siku hizi nalala usingizi.