KAZI ZA MIKONO: Dele la Shaba Bila Rangi ya Kung'aa

Umechonga kinyago kidogo cha muuza kahawa. Mkononi ameshika dele la shaba nyekundu. Rangi ya kung'aa huna. Usisumbuke. Rangi za maji za kawaida zinatosha.

Kwanza tazama shaba yenyewe. Chukua kipande cha waya wa shaba, ukigeuze juani. Utaona mstari wa mwanga, karibu mweupe. Kando yake pana giza. Mwanga na giza vikikaa jirani hivyo, jicho huona kitu kinang'aa. Wengi hukosea hapa. Hupaka rangi ya chungwa kila mahali, na dele linakuwa kama karoti.

Paka dele lote rangi ya kahawia nyekundu iliyokoza. Liache likauke. Changanya kahawia hiyo na rangi ya chungwa, upake katikati tu. Kandokando pabaki na giza. Likikauka, piga mstari mwembamba wa chungwa tupu. Mwisho chukua nyeupe yenye tone la chungwa. Tia nukta moja tumboni mwa dele na nyingine mdomoni. Mbili tu!

Ukitaka dele la zamani, zimua rangi ya kijani na buluu kwa maji mengi, uipitishe kwenye maungio. Shaba iliyokaa na unyevu huota kutu ya kijani.

Kama kinyago ni cha kuchezea mtoto, soma kopo la rangi kabla ya kununua. Rangi yenye madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto, naye hutia kila kitu kinywani. Kopo lisilo na maelezo, liache dukani.