Mtu Mzima Atakapo Kusomea Uuguzi

Zamani ilidhaniwa ya kwamba mtu akisha kuingia katika kazi moja atazeeka nayo mpaka siku ya kustaafu. Siku hizi mambo yamegeuka. Karani ambaye ofisi yake imefungwa, mkulima ambaye kahawa yake haimlipi tena, mama ambaye watoto wake wamekua na kuondoka nyumbani, wote hao huweza kujikuta wakitafuta kazi mpya wakati nywele zimekwisha anza kupata mvi. Na wengi wao hutazama upande wa hospitali, kwa kuwa wamewaona wauguzi wakifanya kazi ya heshima na yenye manufaa kwa watu.

Tamaa hiyo ni njema, lakini yataka hadhari. Kijana wa miaka 18 akichagua chuo kibaya hupoteza mwaka, kisha hurudi kwa wazazi wake na kuanza tena. Mtu wa miaka 36 akichagua chuo kibaya aweza kupoteza shamba aliloliuza, akiba ya nyumba nzima, na karo ya watoto wake mwenyewe. Kwa hiyo yampasa kuuliza maswali mengi kuliko kijana, tena ayaulize kabla ya kutoa shilingi hata moja.

UMRI SI KIZUIZI

Wako watu wasemao ya kwamba uuguzi hufunzwa na vijana peke yao. Maneno hayo si kweli. Bibi Edith Cavell wa Uingereza, ambaye jina lake linajulikana duniani kote, alikuwa mwalimu wa watoto katika nyumba ya watu mjini Brussels kwa miaka mitano. Mwaka 1895 alirudi kwao kumwuguza baba yake, na katika kazi hiyo ndipo alipouona wito wake. Hakukimbilia chuo mara moja. Kwanza alifanya kazi kwa miezi michache katika hospitali moja ya magonjwa ya homa, akaona mwenyewe taabu zake; kisha mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 30, akaingia hospitali ya London kufundishwa. Miaka 11 baadaye aliitwa Brussels kuongoza chuo cha wauguzi, na huko ndiko alikouawa na Wajerumani mwaka 1915 kwa kuwasaidia askari kutoroka.

Mwenendo wake una fundisho kwa kila mtu mzima: aionje kazi kabla ya kuichagua. Mtu aweza kuomba ruhusa ya kujitolea katika zahanati iliyo karibu, au kuwafuata wahudumu wa afya wa kijiji wanapozunguka nyumba kwa nyumba. Akiona ya kwamba hawezi kustahimili harufu ya kidonda, kilio cha mtoto na usiku usio na usingizi, atakuwa amejua hayo bila gharama.

Kisha na apige hesabu ya miaka. Tangu mwaka 2009 mtumishi wa Serikali nchini Kenya hustaafu akiwa na miaka 60. Mtu aanzaye masomo ya miaka 3 akiwa na miaka 36 atayamaliza akiwa na miaka 39, naye akipata leseni na kazi upesi atakuwa na miaka kama 20 ya kutumika. Mwenye miaka 50 atakuwa na miaka michache sana ya kurudisha gharama zake, na yafaa ayafikirie hayo kwa moyo uliotulia.

CHETI CHA SHULE

Jambo la kwanza kutazamwa ni cheti cha kumaliza shule ya sekondari. Kwa stashahada ya uuguzi, ambayo huchukua miaka 3, mwanafunzi hutakiwa kuwa na wastani wa C katika mtihani wa KCSE, pamoja na C katika Kiingereza au Kiswahili, C katika Bayolojia, na angalau C ya kutoa katika Kemia, Fizikia au Hisabati. Kwa shahada ya chuo kikuu, ambayo huchukua miaka 4 na mwaka mmoja zaidi wa mazoezi hospitalini, hutakiwa wastani wa C ya kujumlisha, na alama za namna hiyo katika masomo yanayohusika.

Mtu mzima mara nyingi amesahau alama zake, au cheti kimeliwa na mchwa sandukuni. Basi na akitafute kwanza. Ikiwa kimepotea, Baraza la Mitihani la Taifa lina utaratibu wa kuthibitisha matokeo ya zamani. Ikiwa alama ya Bayolojia haitoshi, aweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa binafsi. Lakini kabla ya kufanya hivyo, na aandike barua kwa Baraza la Wauguzi aulize kama matokeo ya namna yake yatakubaliwa. Akikutana na chuo kinachomwambia ya kwamba alama si kitu mradi ana fedha, na akishukuru kwa adabu, kisha aende zake.

KIBALI CHA CHUO

Jambo la pili ndilo kubwa kupita yote. Nchini Kenya kazi ya uuguzi husimamiwa na Baraza la Wauguzi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1983. Baraza hilo ndilo linalovipa vyuo kibali cha kufundisha, na ndilo linalowatahini wanafunzi na kuwapa leseni. Mwanafunzi anapoingia chuo chenye kibali, jina lake hupelekwa kwa Baraza, naye hupewa nambari yake. Mwanafunzi asiye na nambari hiyo hawezi kuukalia mtihani wa Baraza. Na asiyeufaulu mtihani huo hawezi kuandikwa katika daftari la wauguzi, hata kama amesoma miaka mitatu na kupigwa picha akiwa amevaa joho.

Kwa hiyo ubao mkubwa wa kando ya barabara usimdanganye mtu, wala majengo ya kupendeza. Na atafute orodha ya vyuo vilivyokubaliwa ambayo hutangazwa na Baraza lenyewe, aulizie tawi lile lile atakalosomea na masomo yale yale atakayosoma, maana chuo chaweza kuwa na kibali cha kufundisha jambo moja na kukosa cha kufundisha jingine. Akisha kuingia, na aulize upesi nambari yake, asingoje mpaka mwaka wa mwisho.

Tena kuna mafunzo mafupi ya miezi michache ya kuwatunza wazee na wagonjwa nyumbani. Kazi hiyo ni halali na ina faida yake, lakini mwenye cheti hicho hahesabiwi kuwa mwuguzi, wala hawezi kuajiriwa kwa cheo cha mwuguzi. Matangazo mengine huyachanganya mambo haya mawili makusudi, na watu wenye haraka hunaswa.

AINA ZA VYUO

Vyuo vyenyewe ni vya namna nyingi. Kipo Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Serikali, kiitwacho KMTC, kilichoanza Nairobi mwaka 1927 na ambacho sasa kina matawi zaidi ya 70 katika nchi. Siku hizi maombi ya kukiingia hupitia KUCCPS, ile idara inayowagawia wanafunzi nafasi za vyuo. Naye aliyefanya mtihani zamani yampasa asome tangazo kwa makini aone kama mwaka wake umetajwa. Vipo vyuo vya hospitali za misheni, kama vile Tumutumu, Chogoria, Kijabe, Tenwek na Kendu Bay, ambavyo vimejengwa karibu na wodi zenyewe. Vipo pia vyuo vikuu vya Serikali na vya watu binafsi vinavyotoa shahada.

Hakuna aina moja iliyo bora kwa kila mtu. Shahada huinua cheo, lakini kwa mwenye watoto watatu shuleni, muda mrefu zaidi wa masomo ni mzigo mzito. Wauguzi wengi wameanza kwa stashahada, wakaajiriwa, kisha wakajiendeleza mpaka shahada huku wakipata mshahara. Kwa mtu mzima njia hiyo mara nyingi ndiyo nyepesi zaidi.

Wengine huuliza kama yawezekana kusoma nyumbani jioni baada ya kazi. Ni kweli ya kwamba mwaka 2005 shirika la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi na wengine, lilianzisha mafunzo kwa njia ya kompyuta. Lakini hayo yalikuwa ya kuwapandisha daraja watu waliokuwa wauguzi tayari. Anayeanza hawezi kujifunza kuzalisha mama kwa kusoma barua. Sharti awepo hospitalini, mchana na usiku, mikono yake ikitazamwa na mwalimu.

WODI NDIYO DARASA

Hivyo basi, atakayekwenda kukitazama chuo asiishie ofisini kwa mwandishi. Na aulize hospitali ya kujifunzia ni ipi, iko umbali gani, na wanafunzi wangapi huwekwa katika wodi moja. Hospitali yenye wagonjwa wachache na wanafunzi wengi humfunza mtu kusimama ukutani tu. Na aulize ni wapi wanafunzi hujifunzia kuzalisha, kutunza watoto, na kuhudumia wagonjwa wa akili, kwa maana wengi hupelekwa Mathari, Nairobi, kwa kazi hii ya mwisho, na nauli na chakula cha majuma hayo ni lazima vijulikane mapema. Na aulize matokeo ya chuo katika mitihani ya Baraza kwa miaka ya karibuni. Chuo kizuri hakioni haya kuyaonyesha.

Zaidi ya hayo, awatafute wanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, azungumze nao nje ya lango. Hao ndio watakaomwambia kama walimu huja, na kama karo huongezwa kati ya mwaka. Mtu mzima na aulize pia kama ni lazima kulala bwenini, na kama mwenye nyumba na watoto aweza kuruhusiwa kukaa nje. Chuo kilicho karibu na nyumbani chaweza kumwokoa mama kutoka katika masumbuko ambayo hakuna fedha za kuyalipia.

HESABU YA NYUMBANI

Karo ni sehemu moja tu ya gharama. Kuna sare, viatu, vitabu, malazi, nauli, ada za Baraza na za mitihani. Na aombe orodha yote kwa maandishi. Kisha aongeze juu yake mshahara atakaoukosa kwa miaka mitatu, maana huo ndio gharama kubwa ambayo watu wengi huisahau. Na amwulize mwajiri wake kama aweza kupewa likizo bila mshahara badala ya kuacha kazi kabisa. Na aulize kama anaweza kupata mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa mwaka 1995, akijua ya kwamba mkopo hulipwa. Kuuza shamba kuwe jambo la mwisho, wala lisifanywe bila mume na mke kukubaliana.

Tena na ajue ukweli juu ya ajira. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za umma zimekuwa chini ya serikali za kaunti, na kaunti huajiri kwa kadiri ya fedha zilizomo katika makisio yake. Kwa hiyo limekuwapo jambo la ajabu: wodi zina upungufu wa wauguzi, na huku wauguzi wenye leseni wamekaa nyumbani wakingoja matangazo. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma kwa muda wa miezi mitano hivi. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilifanya mapatano ili wauguzi waende kufanya kazi huko, lakini aendaye ng'ambo sharti afaulu mitihani mingine, na kwa mwenye jamaa kuondoka si jambo dogo. Mtu asiingie chuoni akidhani mshahara unamngoja mlangoni. Na awe na kitu cha kumtunza kwa mwaka mmoja au miwili baada ya masomo.

Maneno haya hayakusudiwi kumvunja mtu moyo. Mtu mzima ana mali ambayo kijana hana. Amelea watoto, ameuguza wazazi, amezika, amejua kutunza fedha na kuvumilia maneno ya wakubwa. Mgonjwa aliye katika maumivu usiku wa manane hutulia akiona uso wa mtu aliyeyapitia mambo. Mali hiyo isipotezwe katika chuo kisichokuwa na kibali. Atakaye kuanza mwaka ujao na aanze juma hili kwa mambo matatu: akitoe cheti chake sandukuni, aipate orodha ya Baraza, na akae na watu wa nyumbani mwake wapige hesabu pamoja mpaka ikubali. Haba na haba hujaza kibaba, na hesabu iliyopigwa mapema huokoa shamba.