Kabla ya msumeno, gusa vidole vya mathe

Kama kwenu kuna mtu anayeugua kisukari, nina swali moja kwako. Mara ya mwisho uliangalia nyayo za miguu yake lini? Sio viatu. Nyayo.

Vijana wengi siku hizi tunajua kiwango cha sukari cha mathe au buda kuliko tunavyojua salio letu la M-Pesa. Anadungwa kidole asubuhi, mashine inasoma, habari inatumwa kwa grupu ya familia: "Leo ni 9, afadhali ya jana." Soda amekatazwa, chapati zimepunguzwa. Yote hayo ni mazuri. Lakini miguu haiulizwi na mtu, na huko chini ndiko ugonjwa huu hufanya kazi yake kimya kimya.

Msimamo wangu ni huu: miguu mingi inayokatwa kwa sababu ya kisukari ingeokolewa, na wa kwanza kuiokoa si daktari wa upasuaji. Ni wewe unayeishi na mgonjwa.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu neva, na zile za miguu ndizo huumia mapema. Mtu huanza kuhisi ganzi au moto kwenye nyayo usiku. Baadaye hahisi kitu. Wakati huohuo mishipa ya damu inazibika polepole, kwa hivyo kidonda kikitokea hakipati damu ya kutosha kupona. Sasa fikiria mama mboga ambaye kijiwe kimeingia kwenye kiatu chake saa kumi na mbili asubuhi. Atatembea nacho mpaka jioni bila kujua. Wewe na mimi tungekitoa baada ya hatua mbili. Yeye haumii, na kisichouma hakipelekwi hospitali.

Ukidhani natia chumvi, vuka mpaka uende Dar es Salaam. Huko Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wamewahi kuandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya wakiwa wamelala. Miguu iliyokufa ganzi haimwamshi mwenyewe. Sisi tunaoishi mitaa ambako panya ni jirani tusiyemlipia kodi, hapo hatuna la kucheka.

Nambari nazo zinasema. Utafiti wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta uliochapishwa 2003 uliangalia wagonjwa 1,788 wa kisukari, na 82 kati yao walikuwa na vidonda vya miguu. Utaniambia hao ni wachache. Lakini hiyo ni picha ya wakati mmoja tu. Makala ya kitaalamu ya 2017 katika jarida la New England Journal of Medicine yalikadiria kuwa kati ya watu 19 na 34 katika kila 100 wenye kisukari watapata kidonda cha mguu maishani. Na kikipona, takriban 40 kati ya 100 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja. Ukisoma tafiti za kukatwa miguu, utaona kuwa takriban visa 8 kati ya 10 vilianza na kidonda. Mara nyingi ni kidogo, cha kiatu kilichobana au wembe uliotumiwa kukwangua sugu.

Kibaya zaidi, uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulipata kuwa karibu watu wazima 9 kati ya 10 nchini walikuwa hawajawahi kupimwa sukari. Kuna anayejua ana kisukari siku ambayo kidonda kimekataa kupona.

Najua kinachosemwa mtaani: "Ukienda hospitali watakukata." Kwa hivyo mzee anakaa nyumbani, anapaka dawa ya kienyeji, analoweka mguu kwa maji moto asiyoyahisi yakimchoma. Anafika hospitali wiki kadhaa baadaye mguu ukiwa mweusi na unanuka. Anakatwa, na jirani anapata ushahidi wake. Tuache kudanganyana. Kinachokata miguu mingi ni kuchelewa.

Kinga yenyewe haihitaji doo. Madaktari wa Ipswich, Uingereza, walibuni kipimo ambacho hata wewe unaweza kufanya ukiwa kwa kochi. Mwambie mzazi avue soksi, afumbe macho. Gusa kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, kidole chake kikubwa cha mguu, cha kati na kile kidogo cha mwisho. Usibonyeze, usisugue. Fanya miguu yote miwili. Aseme kila anapohisi. Asipohisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, miguu yake iko hatarini na anafaa kuonwa kliniki. Akihisi vyote, bado aende akaguliwe angalau mara moja kwa mwaka.

Kisha kuna mambo ya kila siku. Aangalie nyayo na katikati ya vidole, na asipoona vizuri umuangalizie. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Kidonda, lengelenge, uvimbe au mguu uliobadilika rangi usingojee mwisho wa mwezi.

Lakini mzigo huu usiachiwe familia pekee. Mara nyingi mgonjwa huingia kliniki na viatu, anapimwa sukari na presha, anatoka na viatu vile vile. Hiyo ni kazi nusu. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye vifaa vya kupima sukari na presha. Tayari wanabisha milango yetu. Kuna ugumu gani kuwafunza kugusa vidole sita? Kaunti ziwafunze, na kliniki za kisukari ziwe na sheria moja: hakuna mgonjwa anayeondoka bila kuvua viatu.

Utasema una shida zako, kazi hakuna na kodi inakungoja. Sawa. Lakini buda wa boda akipoteza mguu, pikipiki inauzwa, karo inakwama, na simu ya kwanza ya mchango itakuja kwako. Dakika tano za kugusa vidole ni nafuu kuliko harambee.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ya kuuliza sukari imesoma ngapi, mwambie avue soksi. Ataona aibu kidogo, atasema miguu yake ni michafu. Mletee maji ya vuguvugu, uyapime wewe kwa mkono wako, kisha uanze.